Kabla Sijakupa Ufunguo

Kaa kwanza, Lushinge. Ufunguo hauna miguu, hautakimbia.
Hii Probox imebeba dagaa wa Kirumba miaka saba,
imesomesha watoto wawili, imebeba jeneza moja,
na harufu yake haitoki hata uisugue kwa ndimu na majivu.
Usiionee aibu. Harufu hiyo ndiyo iliyolipa ushuru.

Asubuhi, kabla ya redio, fungua boneti.
Injini ikiwa bado baridi, chomoa kijiti cha oili,
kifute, kizamishe, kitoe tena.
Ikiwa nzito na nyeusi kama lami, imwage.
Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, zima kila kitu, nipigie:
maji yameingia pasipo pake.
Wahenga walisema ya ufa na ukuta;
hawakuwahi kulipia gasketi Nyakato.

Rejeta usiinyweshe maji ya ziwa.
Najua ziwa liko pale, la bure, pana kuliko macho yako.
Bure hiyo ina tope jembamba
linaloganda kwenye mishipa ya gari kama deni.
Nunua kulanti.
Na wale wadudu wa ziwani, wakipanda kama moshi
wakajibandika mbele ya rejeta,
wapanguse kwa brashi ya viatu kabla hawajakauka.

Fundi ni Masalu, Jumatatu hadi Alhamisi.
Ijumaa usimpelekee hata baiskeli.
Akibadilisha kitu, akupe cha zamani ukishike mkononi.

Sasa tairi. Hapa nisikilize kwa masikio yote mawili.
Igoma watakuonyesha tairi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Ni kiwi hiyo.
Pinda mgongo, tafuta tarakimu nne ubavuni:
mbili za wiki, mbili za mwaka.
Langu lilisomeka 1109, na mwaka huo ulishazeeka.
Nilijua kusoma mizani, nilijua kusoma sura ya mwanamume anayedanganya,
tairi sikujua kulisoma.

Usagara, saa kumi jioni, barabara kavu,
lilipasuka kama bati linalochanika.
Gari likaniacha, likashika njia yake
mpaka ndani ya kibanda cha Nyanzobe.
Nyanya zilitapakaa lami nzima,
na watu waliokimbilia pale walidhani ni yeye.
Alikuwa amekwenda kuchota maji. Dakika tatu.
Huwa nazihesabu usiku, moja moja.

Bima yangu ilikuwa karatasi nzuri yenye mhuri,
niliyouziwa na kijana mwenye tai, nje ya stendi.
Trafiki aliandika namba kwenye simu yake, akasubiri,
kisha akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulitaka.
Kibanda nililipa mimi. Nyanya, nguzo, nililipa mimi.
Kile kiwanja cha Buhongwa unachoniuliza kila Krismasi,
ndiko kilikokwenda.

Basi lipa ofisini, siyo kivulini kwa mtu,
na uhakiki kabla hujanyanyuka kwenye kiti.
Bima ndogo itamlipa Nyanzobe;
wewe haitakununulia hata taa moja ya nyuma.
Ukijaliwa, kata kubwa.
Usipojaliwa, endesha ukijua ulichokata.

Unacheka. Haya, cheka.
Jeki iko nyuma, chini ya magunia.
Zuia tairi kwa jiwe; Mwanza hatujawahi kukosa jiwe.
Lilegeze la mbele kushoto kabla hujalinyanyua,
litoe, lirudishe,
na nati uzikaze kwa msalaba, usizifuate kwa mzunguko.

Mimi nipo hapa na kikombe changu.
Mikono yako ikishachafuka vya kutosha
utaukuta ufunguo kwenye sahani hii,
kando ya andazi.
Andazi ni langu.